Kazi iko kwenye mifumo iliyokwisha kujengwa

Mwaka 2024, wateja wa TANESCO na wa Kenya Power wenye mita za kulipia kabla walikutana na jambo geni siku walipokwenda kununua umeme. Badala ya tarakimu 20 walizozizoea, walipewa makundi matatu ya tarakimu 20. Makundi mawili ya kwanza hayakuwa na umeme ndani yake. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mita yenyewe, ndipo la tatu liingize uniti zilizolipiwa. Chanzo cha usumbufu huo ni uamuzi wa zaidi ya miaka 30 iliyopita, uliofanyika Afrika Kusini, ulikozaliwa utaratibu wa STS unaotumiwa na mita za namna hii katika nchi nyingi. Kila tokeni, yaani kundi moja la tarakimu 20, hubeba ndani yake hesabu ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993, ili mita iweze kuitambua tokeni iliyokwisha kutumika na kuikataa. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24. Biti 24 zina nafasi ya namba 16,777,216 tu, na dakika za idadi hiyo hazifikishi miaka 32. Zilikuwa zinakwisha 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kubadilishwa isingepokea tena tokeni mpya, hata kama mwenye nyumba ana fedha mkononi.

Mwanafunzi wa TEHAMA anayejiuliza asome nini ili apate kazi afanye hima kulichunguza zoezi hilo, kwa sababu ndani yake mna sura halisi ya kazi anayoiendea. Hapakuvumbuliwa kitu kipya. Palihitajika watu wa kusoma maelezo ya kiufundi yaliyoandikwa wakati wengine wao hawajazaliwa, wakaelewa namba ile inafanya nini na kwa nini ilipewa nafasi ndogo kiasi kile. Palihitajika kumbukumbu sahihi za mita, maana tokeni ya kubadilisha mita hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu, na kosa kwenye kumbukumbu humwacha mteja gizani. Mfumo wa mauzo ulitakiwa ubadilishwe huku ukiendelea kuuza, kwani watu hununua umeme usiku wa manane na sikukuu pia. Kisha mtu alipaswa kuandika maelekezo mafupi, ya lugha nyepesi, ambayo mzee anayebonyeza tarakimu 60 kwa kidole kimoja angeyafuata bila kuchanganya mpangilio. Mita zilizobadilishwa sasa zinahesabu kuanzia 1 Januari 2014, kwa hiyo zoezi litarudi kabla ya Novemba 2045. Kabla ya hapo iko 19 Januari 2038, siku ambayo vifaa vinavyotunza muda kwa hesabu ya sekunde ya biti 32 tangu 1970 vitaishiwa na nafasi. Anayehitimu mwaka huu atakuwa bado kazini katika tarehe zote mbili.

Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya ajira ya TEHAMA, hasa ajira ya kwanza, iko katika kutunza, kurekebisha, kuunganisha na kulinda mifumo ambayo tayari inafanya kazi. Vyuo vyetu, mashindano yetu na hata magazeti yetu humwandaa mwanafunzi kana kwamba kazi yote ni kuanzisha. Tazama mradi wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi anatengeneza mfumo wa maktaba, au wa hosteli, au wa kuagiza chakula. Anaanza na ukurasa mtupu, anajaza data za kubuni, anawasilisha mbele ya jopo, anapata alama, na mfumo unafia kwenye kompyuta yake. Hakuna mtumiaji aliyewahi kuulalamikia. Haukuwahi kuzimika umeme katikati ya malipo. Hakuna aliyekuja baada ya miaka 3 kuusoma na kujiuliza mwandishi wake alikuwa na maana gani. Mashindano ya ubunifu nayo huchukua siku mbili tatu, mshindi akapigwa picha na hundi kubwa kuliko yeye. Sina ugomvi na picha hizo. Ninachosema ni kwamba hazionyeshi mahali watu wanapolipwa mshahara mwezi hadi mwezi.

Jambo hili lina ushahidi wa muda mrefu. Meir Lehman, aliyeanza utafiti wake akiwa IBM kabla ya kuhamia Imperial College ya London, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba programu inayotumika katika maisha halisi ni lazima iendelee kubadilishwa, la sivyo manufaa yake hupungua siku hadi siku. Haiharibiki kama chuma kinavyoshika kutu. Dunia inayoizunguka ndiyo inayosogea. Katika nchi zetu msogeo huo una tarehe kwenye kalenda. Kila Juni bajeti inasomwa, sheria ya fedha inapitishwa, na kuanzia 1 Julai viwango vya kodi na ada vinaweza kuwa vingine. Maana yake ni kwamba mifumo ya mishahara, ya risiti, ya forodha na ya uhasibu hufunguliwa na kurekebishwa, na anayeirekebisha hana nafasi ya kuomba wiki mbili za nyongeza. Kenya ilipotunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania ikafuata kwa sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, kila taasisi inayoshika taarifa za watu ilibidi ijiulize imehifadhi nini, wapi, kwa idhini ya nani, na itafutwaje. Maswali hayo hayajibiwi na aplikesheni mpya. Yanajibiwa na mtu anayeweza kuingia kwenye kanzidata ya zamani na kusema kwa uhakika kilichomo.

Au chukua kontroo namba, ile namba anayopewa mtu ili alipie huduma ya serikali. Tangu 2017 serikali ya Tanzania imekuwa ikikusanya malipo yake kupitia mfumo wa GePG, na leo ada ya chuo cha umma, faini ya barabarani na kodi ya ardhi vyote hupita humo. Nyuma ya namba hiyo kuna benki, kampuni za simu na taasisi nyingi za umma, kila moja na mfumo wake, uliojengwa kwa wakati wake, kwa lugha yake ya programu na kwa mazoea ya waliouandika. Kuviunganisha vyote vizungumze ni kazi. Kuhakikisha kwamba malipo yaliyotoka kwenye simu saa 5:58 usiku yameonekana upande wa pili, na kwamba hayakuingia mara mbili mtandao ulipokatika na kurudi, ni kazi nyingine ngumu zaidi, na haina mwisho. Ukienda kaunta ukaambiwa mfumo uko chini, ujue kuna mtu mahali fulani anasoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari akitafuta ni wapi palipoziba.

Utunzaji ukipuuzwa, hasara yake haihesabiki kwa ofisi moja. Machi 2017 ilitolewa taarifa kwamba Apache Struts, programu inayotumiwa kujenga tovuti nyingi duniani, ina tundu la hatari, na kiraka chake kikatolewa pamoja na taarifa hiyo. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza rekodi za mikopo ya watu, haikuweka kiraka hicho kwenye mfumo wake mmoja. Kuanzia Mei wadukuzi waliingia, na kufikia mwisho taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimechukuliwa. Kiraka kilikuwepo, bure, miezi miwili kabla. Upande wa pili wa sarafu ni kisa cha Machi 2024, ambapo Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia kanzidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kunachelewa kwa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Wengine wangeacha. Yeye alifuatilia, akakuta kwamba ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ Utils mtu alikuwa amepachika mlango wa siri, ambao ulikuwa karibu kusambaa kwenye kompyuta nyingi za Linux duniani. Usalama wa mtandao haukuwa kazi yake rasmi. Alikuwa anaujua mfumo wake kiasi cha kushtuka unapobadilika kidogo.

Ujuzi wa namna hiyo hujengwa vipi? Kwanza, kwa kusoma programu za wengine. Mwanafunzi wa fasihi husoma riwaya nyingi kabla hajaandika yake, lakini mwanafunzi wa kompyuta anaweza kumaliza shahada bila kusoma programu moja kubwa ya mtu mwingine kutoka mwanzo hadi mwisho. Pili, kanzidata. Lugha za programu huja na kwenda kama mitindo ya nguo, ila SQL, iliyozaliwa IBM miaka ya 1970, bado ndiyo inayoulizwa maswali katika benki, hospitali na mamlaka za mapato. Anayeijua kwa undani, si kwa kubahatisha, hapati shida kubwa ya kueleza thamani yake kwenye usaili. Tatu, Linux kwenye mstari wa amri, na misingi ya mitandao: pakiti inatoka wapi, inapita wapi, inakwama wapi. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na majirani zao, na katika siku kama hizo ndipo hujulikana nani anaelewa njia mbadala na nani anajua tu kuzima ruta na kuiwasha. Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya programu, nayo ijifunzwe kwa ajili ya kusoma historia: nani alibadilisha mstari huu, lini, kwa sababu gani. Wengi huitumia kama kabati la kutupia kazi. Na nakala rudufu: kila mtu anajua kuzitengeneza, wachache wamewahi kujaribu kuzirejesha.

Nitaongeza moja ambalo halimo kwenye mitaala mingi, nalo ni kuandika. Nina maana ya kuandika maelezo, ripoti ya hitilafu, mwongozo wa mtumiaji, barua pepe ya kumweleza mkuu wa idara asiye mtaalamu kwa nini mfumo ulisimama saa mbili. Mtu anayeweza kuandika mambo hayo kwa Kiswahili safi na kwa Kiingereza kinachoeleweka ana faida ambayo cheti hakimpi. Sivibezi vyeti. Cheti kama CCNA ya Cisco humlazimisha mtu asome kwa mpangilio, na waajiri wengi hukitambua. Lakini hudumu miaka 3 tu kabla ya kuhitaji kuhuishwa, kinagharimu, na aliyekariri maswali hujulikana mapema akikabidhiwa swichi iliyogoma.

Kuna wanaosema kwamba ushauri huu ni mzuri kwa aliye kazini tayari, lakini mwanafunzi atafikiaje mifumo halisi wakati hakuna benki itakayomfungulia milango? Pingamizi hili lina haki yake. Hata hivyo milango iliyo wazi ni mingi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu baadhi ya mifumo muhimu ya ukanda huu ni programu huria. OpenMRS, unaotunza rekodi za wagonjwa, ulianza 2004 kutokana na kazi iliyokuwa ikifanyika Eldoret kati ya wataalamu wa Kenya na wenzao wa Indiana, Marekani. DHIS2, unaokusanya takwimu za afya, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na wizara za afya za Kenya na Tanzania zinautumia. Programu za mifumo hiyo ziko mtandaoni pamoja na orodha za hitilafu zinazosubiri mtu. Mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Zanzibar anaweza kuzishusha, kuziendesha kwenye kompyuta yake, kuchukua hitilafu ndogo na kutuma marekebisho. Yatarudishwa yakiwa na maoni makali, na maoni hayo ni darasa ambalo vyuo vingi havina walimu wa kutosha wa kulifundisha. Akifaulu, jina lake linabaki kwenye historia ya mfumo unaotumika hospitalini, ambapo mwajiri yeyote anaweza kuliona.

Wengine watasema tunawazima vijana ndoto. Ajira ni chache, wahitimu ni wengi, na njia iliyobaki ni kujiajiri kwa kubuni kitu kipya. Kumshauri kijana aende kuziba viraka kwenye mfumo wa mtu mwingine ni kumfunga. Nawaelewa, ila historia ya ubunifu mkubwa kuliko wote uliotoka katika eneo letu haiwaungi mkono. M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007, haikuanza kama huduma ya kutumiana fedha. Majaribio yake ya mwaka 2005, yaliyofanywa pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalilenga kuwawezesha wakopaji kulipa marejesho kwa simu. Waliokuwa wakiyasimamia waliona watu wakiutumia mfumo kwa namna ambayo haikupangwa: kutumiana wao kwa wao. Huduma iliyobadilisha uchumi ilionekana ndani ya mfumo uliokuwa ukitumika, na walioiona ni waliokuwa karibu nao kila siku. Anayetunza mfumo wa hospitali kwa miaka 2 atajua matatizo ambayo mshiriki wa mashindano ya siku mbili hawezi hata kuyaota. Akitaka kuanzisha kampuni baada ya hapo, ataanza na tatizo la kweli na wateja anaowafahamu kwa majina.

Pingamizi la heshima na malipo sitalijibu kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba ofisi nyingi bado zinamwona mtu wa TEHAMA kama fundi wa kubadilisha wino wa printa, na zinamlipa hivyo hivyo. Mhitimu akiipata kazi ya namna hiyo, aichukue kama hana nyingine, lakini asikae. Tofauti ya kutazama ni hii: je, taasisi hii ikikosa mfumo wake kwa siku moja, kazi inasimama? Kampuni ya simu, benki, mamlaka ya mapato, shirika la umeme, bandari na hospitali kubwa jibu lao ni ndiyo, na huko mtu anayeweza kuurudisha mfumo hewani haongelewi kama fundi wa printa. Hofu ya kukwama kwenye teknolojia ya kizamani nayo ipo. Aprili 2020, maombi ya fidia ya ukosefu wa ajira yalipofurika wakati wa UVIKO-19, gavana wa New Jersey, Marekani, alilazimika kuomba hadharani wajitokeze watu wanaojua COBOL, lugha ya mwaka 1959 iliyotumika kuandika mifumo ya kuyashughulikia maombi hayo. Simshauri mtu yeyote aifanye COBOL kuwa maisha yake. Namshauri asiidharau kazi kwa sababu lugha yake ni ya zamani, kwani akiijua namna benki inavyofunga hesabu za siku, atahama na ujuzi huo hadi kwenye lugha yoyote itakayofuata.

Lililobaki ndilo zito kuliko yote, nalo ni akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, programu ndogo ambayo mwanafunzi aliitolea jasho wiki nzima huandikwa kwa dakika chache. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kuiacha fani hii kabisa. Naona ni sababu ya kuacha kujiandaa kwa namna ya zamani. Kilichoshuka thamani ni kuanza na ukurasa mtupu, yaani kile kile tulichokuwa tukikitukuza. Chombo hicho hakijui kwamba kwenye kanzidata ya taasisi fulani kuna safu mbili za namba za simu kwa sababu matawi mawili yaliunganishwa miaka 10 iliyopita, na kwamba moja kati yake haitakiwi kuguswa. Hilo analijua mtu aliyekaa na mfumo, au aliyesoma kumbukumbu alizoacha mwenzake. Kadiri programu zinavyoandikwa kwa wepesi, ndivyo zinavyokuwa nyingi za kusomwa, kukaguliwa na kurekebishwa, na sheria za data za nchi zetu zinaibana taasisi yenyewe. Haitajitetea kwa kusema kosa lilikuwa la mashine. Hata hivyo nakubali kwamba kazi ndogo ndogo ambazo zamani mgeni kazini aliachiwa ajifunzie zinapungua, na mwaka wa kwanza wa ajira utakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa kwa waliotangulia. Ndiyo maana mazoezi ya kusoma na kurekebisha inabidi yaanze chuoni. Mwanafunzi aitumie akili mnemba imweleze programu asiyoielewa, kisha aithibitishe mwenyewe kwa kuiendesha. Anayewasilisha kazi asiyoweza kuieleza hamdanganyi mwajiri kwa muda mrefu.

Kwa wakuu wa idara za kompyuta katika vyuo vyetu nina ombi moja lisilohitaji bajeti: ruhusuni mradi wa mwaka wa mwisho uwe wa kuurithi mfumo wa mwanafunzi aliyemaliza mwaka uliopita, kuurekebisha, kuuwekea nakala rudufu na kuukabidhi kwa atakayefuata, na utolewe alama sawa na ule ulioanza na ukurasa mtupu. Nanyi wanafunzi mnaokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, siku ya kwanza ombeni daftari la hitilafu za miezi 6 iliyopita, msome zipi zinajirudia, kisha mwombe mkabidhiwe moja kati ya hizo muimalize kabla hamjaondoka.